Fyekeo, helikopta au kofi grainda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, niko Mwanza, najifunza breki, yaani breki dansi, kwa video za simu, huu ni mwezi wa nne. Kinachonichanganya ni miguu ya chini. Mwalimu mmoja anasema siksi stepu, ule mzunguko wa hatua sita, inaanza na mguu wa kulia, mwingine wa kushoto. Kuna mzunguko nimeukuta unaitwa kofi grainda, kwingine helikopta. Rafiki yangu katoka Bukavu, naye ana majina yake ya Kifaransa. Jina lipi ndilo sahihi, na nianze na kipi nisije nikajizoesha vibaya? Je, nikienda shindanoni bila kujua majina nitakatwa pointi? Halafu viganja vinaniuma.

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na jepesi. Kofi grainda na helikopta ni kitu kimoja. Unachuchumaa juu ya mguu mmoja, viganja viko chini mbele yako, mguu wa pili umenyooka, halafu huo wa kunyooka unauzungusha mzimamzima. Ukifika kwenye mikono, mikono inapisha. Ukifika kwenye mguu uliokunjwa, huo unaruka kidogo na mwenzake anapita chini yake. Aliyeuita kofi grainda aliona mpini wa mashine ya kusagia kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Aliyeuita helikopta aliona panga lake la juu linavyozunguka. Watoto ninaowafundisha hapa Kinondoni mashine hiyo hawajawahi kuigusa, na helikopta wanaiona mara mojamoja ikipita juu. Wao wanasema "kufyeka", kwa sababu mguu unapita chinichini kama fyekeo kwenye majani. Jina hilo sikuwapa mimi, na sijawakataza, maana tangu waanze kusema "fyeka" miguu yao inanyooka kuliko enzi nilipokuwa nasimama pembeni napiga kelele "kofi grainda!" Karibu kila mmoja wao ameshashika fyekeo shuleni. Mwili unalijua.

Sasa hilo la jina sahihi. Ninyi mnaojifunza kwa simu mna tatizo ambalo sisi hatukulipata. Sisi tulikuwa na uhaba: kanda moja ya video iliyochakaa, mnairudisha nyuma mpaka picha inakatika mistari, na hakuna mtu wa kuwatajia jina la chochote. Tulisema "fanya ile ya yule mwenye kofia", na wote tulielewana. Ninyi mna walimu elfu kiganjani, na kila mmoja anasema kwa uhakika wote kwamba lake ndilo lenyewe. Ukijua majina hayo yalizaliwaje, huo uhakika wao utakupunguzia presha.

Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, msichana mmoja, Cindy Campbell, aliandaa sherehe kwenye jengo lao, namba 1520 Sedgwick Avenue. Muziki ulipigwa na kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika, ambaye mtaani walimwita DJ Kool Herc. Herc alikuwa ameng'amua kwamba kuna wachezaji wanaokaa pembeni wakisubiri kipande kimoja tu cha wimbo: pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Kipande hicho ndicho breki. Akawa anakirefusha kwa kutumia nakala mbili za sahani moja ya santuri, hii ikiisha ile inaanza. Waliokuwa wanaingia kati pale ndio wakaitwa bi-boi, vijana wa breki. Kwa hiyo mtu akikwambia neno hili ni la kuvunja mifupa, mwambie ni la muziki. Wenyewe wanasema "breking". "Breki dansi" lilisambazwa na magazeti na televisheni, likatufikia na filamu za miaka ya 1980. Wapo wanaokasirika ukilitamka. Mimi nililikuta mtaani kwetu, sioni sababu ya kulifukuza.

Baada ya hapo hapakuwa na kamati. Kila mtaa ulicheza kivyake na kuita kivyake. Brooklyn walikuwa na apuroki yao, watu wawili wanakabiliana kama wanaopigana bila kugusana. Yale ya kusimama kabla hujashuka yanaitwa topu roki. Ukishashuka na mikono ikagusa sakafu, wengine husema futiweki, wengine daun roki. Utakutana na mtu atakayekuchorea mpaka kati ya hayo mawili. Msikilize kwa adabu, kisha endelea na mazoezi.

Majina mengine lakini si ya kuchezea, kwa sababu ndani yake kuna mtu. Kuna mtindo wa chini unaoitwa sisi, yaani herufi C mbili kwa matamshi ya Kiingereza. Ukidhani ni sauti tu, utaona jina halina maana. Wakongwe wa Bronx hulihusisha na kundi la mchezaji Spy, lililokuwa na herufi hizohizo. Huyu Spy wenzake walimpachika jina la mtu wa mitindo elfu, na wakubwa waliokuja baadaye, akiwemo Ken Swift wa kundi la Rock Steady Crew, wamekuwa wakimtaja kama aliyewafungulia macho. Ukiubadilisha mtindo huo jina ukauita "chapati", umemfuta.

Na hapo ndipo anapoingia rafiki yako wa Bukavu. Muulize neno la ule mzunguko wa nguvu, mikono imebeba mwili na miguu yote miwili imetanuka ikizunguka hewani, ambao kwa Kiingereza ni flare. Kuna uwezekano akakujibu "Thomas". Wafaransa wanasema hivyo, na Wajapani na Wakorea pia, kwa sababu asili yake ni mtindo wa Kurt Thomas, mwanasarakasi wa viungo wa Marekani aliyeufanya kwenye kile kifaa cha jimnastiki kiitwacho farasi miaka ya 1970. Yaani ugenini wamelibakiza jina la Mmarekani ambalo Wamarekani wenyewe wamelidondosha. Ule wa kubingirika kwa mgongo na mabega huku miguu imetanuka hewani, Wamarekani wanauita kinu cha upepo. Wafaransa wanauita coupole, yaani kuba, kama la msikiti. Aliyesema kinu aliangalia miguu inavyokata hewa. Aliyesema kuba nadhani aliangalia umbo zima linalochorwa. Na futiweki kwa Kifaransa ni passe-passe, neno lilelile wanalolitumia kwa mchezo wa kiinimacho, pale mkono unapopitisha kitu na wewe hujaona kilivyopita. Kwa maoni yangu hilo ndilo jina bora kuliko yote, kwa sababu linakwambia kazi yenyewe: mguu upite na mtazamaji asione umepitia wapi.

Wajapani wao wamehesabu tu. Siksi stepu ni roppo, hatua sita. Ile ya tatu ni sanpo. Hakuna ushairi hapo, lakini nchi iliyotoa bi-gelo (binti wa breki) Ami, mshindi wa dhahabu ya wanawake kule Paris Agosti 2024, haionekani kudhurika kwa kukosa ushairi. Hiyo hesabu ya sita ndiyo nataka tukae nayo, kwa sababu hapo ndipo ulipokwama.

Anza kama mtu anayetaka kupiga pushapu, miguu imetanuka kupita mabega, makalio yameinuka kidogo.

Moja: mguu wa kulia unapita chini ya tumbo kwenda mbele upande wa kushoto. Mkono wa kushoto unanyanyuka kuupisha, kifua kinafunguka kuelekea kushoto. Uzito uko mkono wa kulia. Darasani kwangu tunaita hapo "mlango". Mbili: mguu wa kushoto unakuja kujibana nyuma ya goti la kulia, sasa umechuchumaa miguu imejifunga. Hilo ni "fundo". Tatu: mguu wa kulia unajichomoa na kutua kulia, magoti yote mawili juu, tumbo linatazama dari, umekuwa kaa wa pwani. Hapo mkono wa kushoto unashuka nyuma kuupokea uzito. Nne: mguu wa kushoto unavuka mbele ya wa kulia, fundo tena, ila la upande wa pili, na mkono wa kulia uko huru. Tano: mguu wa kulia, uliokuwa nyuma ya fundo, unanyooka kwenda nyuma, ni mlango wa upande wa pili. Sita: mguu wa kushoto unarudi nyuma, mkono wa kulia unashuka, umerudi kwenye pushapu.

Fanya polepole mara kumi, utagundua kitu ambacho video nyingi zinakipita mbio. Miguu inapokezana, kulia kushoto, kulia kushoto, haifululizi hata mara moja. Tena umbo la kwanza ni kioo cha la tano, na la pili ni kioo cha la nne. Kwa hiyo hatua ni sita lakini maumbo ni manne tu: pushapu, mlango, fundo, kaa. Ukishayajua hayo manne hutauliza tena nani yuko sahihi kati ya walimu wako wawili. Ukianza na mguu wa kushoto, duara linakwenda upande wa pili, basi. Kuna na wanaoanza kuhesabu wakiwa wamechuchumaa kwenye fundo, kwa hiyo "moja" yao ni "mbili" yako. Ukichanganya video ya huyu na ya yule unajikuta na hatua saba, au tano, na goti limejifunga mahali pasipo na mlango wa kutokea. Nimewaona wengi wakilia na hilo, na ulivyoandika nahisi ndipo ulipo. Chagua hesabu moja, ikae mwezi mzima. Ukiiweza, ifanye kwa upande wa pili, ule mbovu. Usiusubirishe mwaka kama nilivyofanya mimi. Mpaka leo duara langu la kushoto linachechemea.

Swali la kujiuliza kwenye kila umbo ni moja: uzito uko mkono gani? Ukiweza kusimama ghafla popote katika zile sita ukalijibu bila kufikiri, umeshaweza. Ukijibu "yote miwili" mahali pengine zaidi ya pushapu, umezibana hatua, na miguu haina nafasi ya kupita.

Makosa ninayoyaona kila wiki ni yaleyale. Kwenye kaa makalio yanagusa chini, mtu anakaa kama yuko barazani. Nyayo zinalala, zinatakiwa zisimame kwenye vidole na ile nyama ya mbele, ndipo utageuka bila kuburuza. Macho yanatazama miguu, na kichwa kikiinama mabega yanafuata. Na duara linatembea: umeanza katikati ya chumba, mizunguko minne baadaye uko mlangoni. Dawa ya hilo ni alama ya chaki sakafuni chini ya kifua chako. Kila ukirudi kwenye pushapu, alama iwe palepale.

Kwa sakafu, tarazo ni nzuri sana, saruji iliyopigwa laini si mbaya. Ukipata kipande cha kapeti la plastiki, au boksi la friji ulilolifungua na kulibana kwa solotepu pembe zote, umerudi moja kwa moja Bronx ya zamani, maana nao walicheza juu ya maboksi hayohayo.

Muziki sasa, na hapa niongee kidogo kwa ukali, kwa sababu wanafunzi wa simu mnajifunza kimyakimya. Hatua ni sita, lakini wimbo unahesabu nne, na wachezaji tunahesabu nane. Sita haiingii kwenye nane. Ukizungusha tu bila kufikiri, "moja" yako inaanguka mahali tofauti kila mara, na utakutana tena na "moja" ya ile nane baada ya mizunguko minne, hesabu 24. Wengine wanaliona ni kasoro. Mimi naliona ndilo jambo tamu lililomo humo, kwani mkazo unahamahama wenyewe, kama mpigaji ngoma anayekuchenga. Ila lazima ujue unachengwa. Zoezi ni hili: zungusha sita, kisha hesabu mbili zilizobaki zijaze na kitu. Teke la mbele. Kusimama tuli. Kubadili upande. Sita na mbili, nane. Tumia nyimbo za breki zenyewe, James Brown wa "Get on the Good Foot" au "Apache" ya Incredible Bongo Band, mwendo wake unakuachia nafasi ya kuweka mguu na kuuondoa. Singeli naipenda kuliko unavyodhani, lakini kwa kujifunzia itakukimbiza tu, miguu itakuwa inakanyaga chochote ili mradi ifike.

Baada ya hatua sita, watu hukimbilia hatua tatu kwa sababu inaonekana ya haraka. Iache kwanza. Nenda kwenye sisi ile niliyokutajia. Kutoka kuchuchumaa, geuza nyonga upande mmoja. Mguu mmoja unanyooka mbele, wa pili umekunjwa na kujibana nyuma ya goti lake, mkono mmoja nyuma umebeba. Rudi katikati, geuka upande wa pili. Utaona ni ndugu wa fundo. Kinachofanya kazi ni nyonga, mguu unafuata tu. Nilikuwa natupa mguu kwa nguvu na nyonga imekaa kimya, na mzee mmoja aliyenifundisha akanifunga kitenge kiunoni, akashika ncha nyuma, akawa ananigeuza kama usukani. Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonifundisha. Ongeza na teke la nje: umechuchumaa, mkono mmoja nyuma, unatupa mguu mbele na kuurudisha. Hatua sita, sisi, teke, fyekeo. Hivyo vinne, pande zote mbili, vikupeleke mpaka mwisho wa mwaka. Ujuzi unaanza pale unapotoka kimoja kuingia kingine katikati, kwa mfano kutoka kwenye fundo la nne kuingia sisi bila kurudi kwenye pushapu, na hapo ndipo yale maumbo manne yanapokulipa, kwa sababu kila umbo ni njia panda.

Kuhusu shindano, ondoa hofu. Hakuna jaji atakayekuuliza jina. Pale Paris 2024, mara ya kwanza na mpaka sasa ya pekee breki kuingia Olimpiki ya wakubwa, majaji tisa walipima vitu vitano: ufundi, msamiati, utekelezaji, kwenda na muziki, na ubunifu wako mwenyewe. Neno msamiati lisikutishe. Walichopima ni wingi na tofauti za vitu ambavyo mwili wako unavijua, hata kama mdomo hauvitaji. Pale utakapoyahitaji majina ni kwenye duara la mazoezi, mtu akikwambia "toka na sisi kwenye nne" nawe ujue anasema nini. Kwa hiyo ukifika kwa watu, tumia majina yao. Ng'ambo ya ziwa lako, Kampala, kuna Breakdance Project Uganda, aliyoianzisha Abramz Tekya mwaka 2006, na vijana wengi wa kanda hii wamepita mikononi mwake. Ukienda kule ukasema "fyekeo" watakutazama. Onyesha kwa mguu, watakutajia lao, ulichukue.

Mwisho viganja. Miezi minne ya kubeba mwili kwa kifundo cha mkono kilichozoea kushika simu, lazima kilalamike. Kabla ya kuanza, piga magoti, weka viganja chini vidole vikikutazama, egemea polepole nyuma, hesabu thelathini. Kisha zungusha ngumi pande zote. Ukiwa unacheza, tandaza vidole, sakafu uibonyeze kwa vidole, usiangushe uzito wote kwenye kisigino cha kiganja. Angalia pia kama ni kwenye kaa ndipo panapouma zaidi. Kama ndipo, yaelekea mkono wako wa nyuma umeelekeza vidole mbele kwenye makalio. Vigeuzie pembeni au nyuma. Maumivu yakivuka siku tatu, au kukiwa na uvimbe, acha kabisa mitindo ya chini na umwone daktari. Wakati huo cheza topu roki tu, wiki mbili, kwa zile nyimbo nilizokutajia. Haihitaji mikono hata kidogo, na kwa jinsi ulivyoandika bila kuitaja hata mara moja, nadhani hujaigusa.